Mpira Haupakwi Samli

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kulala kwenye chandarua. Kama hayo hujayajua mpaka leo basi nimekulea bure, na jioni moja haitoshi kurekebisha. Barua hii nitaiweka juu ya kiti cha dereva. Isome kesho asubuhi kabla hujawasha gari, mimi nitajifanya nina kazi jikoni mpaka uimalize.

Naandika nimekaa barazani karibu na cherehani. Jua linashuka, wewe hujarudi kutoka Mkula ulikokwenda kumuaga shangazi yako, na gari lipo mbele yangu chini ya banda la mabati, limefumba macho. Kesho utaondoka nalo peke yako: Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, mpaka Dodoma kwenye kazi yako. Naogopa, Minza. Siogopi malori wala matrafiki. Naogopa lile gari lenyewe, na kuna jambo lake nimekuficha tangu ukiwa mtoto.

Ulikuwa darasa la kwanza baba yako alipouza ng'ombe wote wa zizi lake akanunua gari bovu la michezo. La milango miwili, jekundu lililopauka, limekaa chini kiasi kwamba kuingia lazima uiname kama unaingia kwenye banda la kuku. Taa zake zimejificha ndani ya boneti, ukibonyeza swichi zinainuka. Watoto wa mtaa wakaliita Chura. Babu yako hakusema na mwanawe msimu mzima wa pamba. Msukuma auze ng'ombe anunue gari la kubeba watu wawili, ambalo hata robota moja la pamba haliingii! Mimi mwenyewe nililia. Kisha siku moja Masunga, baba yako, akanipakia, tukaenda mpaka Lamadi kula samaki tukarudi, vioo viko chini, na njia nzima nilicheka kama nimelewa. Sikulia tena.

Kazi yake ilikuwa magari ya watu, lakini jioni alikuwa wa Chura. Analipandisha kwa jeki, analikalisha kwenye stendi za chuma, analala chini yake, na mimi nampa spana kama nesi. Ndiyo nilivyojifunza. Gari la zamani lina chuchu za grisi kwenye viungio vya magurudumu ya mbele na vya usukani. Magari ya siku hizi mengi hayana, yamezibwa, kikichoka kiungio unanunua kingine. Hili linataka kulishwa. "Futa kwanza," alikuwa anasema kila mara, mpaka nikawa namjibu nimeshasikia, mimi si kiziwi. Usipofuta chuchu kabla ya kuweka pampu, unasukuma mchanga ndani pamoja na grisi, na mchanga wetu huu wa Simiyu unakula chuma. Halafu unapiga pampu taratibu, unaangalia grisi ya zamani inavyotoka pembeni, nyeusi, mpaka uone mpya inachungulia. Hapo unaacha. Ukiendelea kwa uchoyo unapasua kile kimpira kinachofunika kiungio, na hapo umeharibu ulichokuwa unatengeneza.

Tabia yake nyingine ilinikera sana. Aliniibia chaki zangu za kushonea, zile za bluu. Kila klampu aliyoikaza, kila nati aliyomaliza, aliichora mstari mdogo wa bluu ili asirudie. Nilikuwa naanza kukata sare za shule, natafuta chaki, naenda kuichukua kwenye mfuko wa ovaroli lake imejaa grisi. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa mdogo.

Aliumwa siku chache tu, akafa. Ulikuwa darasa la nne.

Baada ya matanga wazee wakakaa. Unajua desturi ya kwao: mwanaume akifa anatengewa ng'ombe wake zizini. Huyo hauzwi, anaitwa kwa jina la marehemu, na wakati wa shida watu wanakwenda kusema naye. Wakauliza, ng'ombe wa Masunga yuko wapi? Zizi lilikuwa tupu, fito tu na mavi makavu. Nikadhani babu yako atalaani. Akainuka, akatembea mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo muda mrefu kama anayesikiliza mapigo.

"Huyu hapa," akasema. "Ng'ombe wake wote wameingia humu."

Hakuna aliyecheka. Walilipaka samli kwenye paji, pale boneti inapoanzia, wakanyunyiza maji, wakasema na masamva, wazee wao waliotangulia, wampokee Masunga pamoja na mnyama wake. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, lakini nilisimama pale na wewe ukiwa umeshika kanga yangu. Na nilipoona samli inayeyuka kwa jua na kutiririka katikati ya zile taa zilizofumba, mwili wote ulinisisimka.

Tangu wiki ile mbuzi waliacha kulala kivulini kwake. Uliliona hilo mwenyewe. Mchana wa Bariadi jua linawaka mpaka mabati yanalia, kivuli pekee uani ni chini ya lile gari, na mbuzi wanasimama juani wanahema. Kuku hapiti chini yake, anazunguka. Na yale macho! Saa saba mchana, hakuna mtu aliyeligusa, unasikia kitu kinanguruma kidogo, ukigeuka taa moja imeinuka, ya kushoto peke yake, inakuangalia. Halafu inafumba. Shabani wa duka la spea aliniambia ni waya umechubuka, nikitaka ataukata. Nikamkatalia. Nilikuwa naogopa kuonwa, Minza, na niliogopa zaidi kutoonwa.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, maana huu haukuletwa na wazee, niliuleta mwenyewe. Wazee walisema lisiuzwe na lichungwe, yaani litembezwe, liende Mwamapalala kaburini kwake na kurudi. Basi. Mimi nikaongeza langu: kitu chochote alichokifunga Masunga kwa mikono yake kisifunguliwe. Nani alinituma? Hakuna. Nilikuwa mjane mwenye mashine ya kushonea na gari, nikajitungia sheria.

Na nikaona haitoshi kulinda, lazima nipake. Walilipaka samli kwenye boneti, mimi nikafungua boneti nikapaka ndani. Ile mipira ya maji inayotoka kwenye rejeta kwenda kwenye injini, wa juu na wa chini, aliiweka yeye mwaka aliokufa. Nikaipaka samli. Ilikuwa inang'aa, nyeusi, imenona, inapendeza macho. Samli ikiisha nilipaka grisi. Miaka yote ile, kila Jumamosi, nikishasema naye habari zako za shule, napaka. Nilidhani ndivyo kitu kinavyotunzwa. Ngozi ya mtoto ukiipaka mafuta haipasuki, cherehani ukiitia mafuta haikwaruzi. Nani angeniambia mpira ni tofauti? Mtu wa kuniambia alikuwa amelala Mwamapalala.

Tunafika kwenye mkono wako.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa tunatoka kaburini, tunarudi Bariadi, adhuhuri, hakuna upepo, mashamba ya pamba yameshavunwa pande zote mbili na hakuna mtu hata mmoja. Ulikuwa unakula karanga. Mbele hapakuwa na kitu, barabara nyeupe. Ukaacha kutafuna ukasema, sauti yako ya kawaida kabisa, kama unaniambia maji yameisha:

"Mama, simama. Baba anasema simama."

Nimesikia sentensi hiyo kila siku tangu siku ile. Na unajua nilikujibu nini? Nilikuwa na joto, mgongo unaniuma, na mawifi wamenisema kule kaburini. Nikakujibu, "Baba yako hajawahi kumwambia mtu asimame, yeye mwenyewe breki alikuwa hazijui." Nikacheka kicheko kibaya. Nikakanyaga mafuta.

Hukusema tena. Ulikunja mikono ukatazama kwenye dashibodi, ule mshale wa joto, ambao mimi sikuwa nimeutazama. Ulikuwa umepanda mpaka juu. Sijui kama uliuona kabla au baada. Sijawahi kukuuliza, na sasa nadhani sitaki kujua.

Mpira wa juu ulipasuka. Unakumbuka mlio. Mvuke ukafunika kioo chote, tukawa kama tumeingia ndani ya wingu, na katikati ya ule mvuke zile taa zikainuka zote mbili. Sikugusa swichi, Minza. Nikaruka nje, nikafungua boneti, nikazungusha kanga mkononi nikashika kifuniko cha rejeta. Ningengoja! Ningekaa chini ya mti nusu saa, nimeze mate, ningoje chuma kipoe! Lakini mimi na kungoja tuligombana zamani. Wewe ukaja pembeni yangu kunisaidia kushika boneti. Nikazungusha kifuniko.

Ulipiga kelele moja tu. Mimi ndiye niliyepiga kelele njia nzima mpaka hospitali, nyuma ya pikipiki ya mtu tusiyemjua. Mkono wako wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo. Watu wakisema kovu la ajali nanyamaza. Halikuwa la ajali, lilikuwa la mama yako. Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara moja na silirudii, maana nikirudia nitashindwa kuendelea.

Shabani alilivuta gari mpaka dukani kwake, akautoa ule mpira, akaupasua kwa kisu kwa urefu. Ndani ulikuwa umevimba, laini, unashika vidole na kuacha weusi. Akanusa. "Mama Minza, huu umepakwa nini?"

"Samli," nikasema. "Na grisi."

Hakunicheka. Akasema polepole kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Mpira haupakwi mafuta, dada. Mafuta yanaula. Unaendelea kung'aa nje, ndani umekwisha."

Akafunga mwingine mpya. Kisha akaingiza mkono chini, akauminya ule wa chini, akatikisa kichwa. "Na huu nao umefika. Inabadilishwa yote kwa pamoja." Nikanunua. Nikakataa asiufunge. Nikasema nitafunga mwenyewe, nikaenda nao nyumbani, nikauweka chini ya kitanda ukiwa kwenye nailoni yake. Ulikaa pale mpaka leo mchana.

Ndiyo, Minza. Mwanangu ameungua mkono, na bado nimeuacha mpira mbovu kwenye gari. Ulikuwa ndio kitu cha mwisho chenye mikono yake. Kila kingine kilikuwa kimeshabadilishwa na mafundi wengine: breki, betri, mkanda. Ningeutoa ule, Masunga angebaki wapi? Basi nikaacha kuupaka, nikawa naendesha pole pole, Mwamapalala na kurudi, mshale wa joto machoni, na nikashika kusema, "Litafika tu." Ulipopata kazi, babu yako akatamka mbele ya ukoo kwamba mnyama wa Masunga anakwenda na Minza, mimi nikapiga vigelegele na wenzangu huku nikijua ule mpira umeoza. Nimekaa na hilo wiki hizi zote. Nilikuwa tayari, ng'wanone, kukuacha uende Dodoma na mpira uliooza, kwa sababu niliupenda.

Na wewe nilikupaka vilevile. Usifikiri sijui. Shule ya bweni kule Meatu ilikuita, nikasema una kifua. Huna kifua, hujawahi kuwa nacho. Ulipotaka kujifunza kuendesha nilisema mwakani, mwakani, mpaka Shabani akakufundisha kwa siri, na mji mzima ukajua kabla yangu. Watu walinisifu, Mama Minza anajua kulea, mtoto amenyooka. Mimi nakuona unavyokaa kimya watu wakikuonea, nasema moyoni, huyo ndani yupoje? Sina la kukushauri hapo. Nataka tu ujue kwamba nimeona.

Sasa ya leo.

Saa nane mchana, ulipokuwa Mkula, nikasema basi. Nikavaa ovaroli la baba yako, nikauchukua ule mpira mpya chini ya kitanda, nikalipandisha gari kwa jeki, nikalikalisha kwenye stendi zote mbili. Nikaanza na grisi ili nijipe moyo. Nikafuta kwanza. Viungio vyote vya mbele vimekula grisi, utaukuta usukani mwepesi. Kisha nikajisogeza mpaka mbele, chini ya rejeta. Pale pana ile sahani ya bati inayokinga mawe; kwa juu vidole vinaugusa mpira wa chini, lakini kuufungua lazima uishushe. Bolti zake zilikuwa zimeshika kutu mpaka nikazipiga nyundo. Juu ya vichwa vyake kulikuwa na vumbi la miaka, limegandana, na utando wa buibui umetoka bolti hadi bolti, mzima, haujakatika. Niliukata mimi kwa mkono wangu. Nataka ushike hilo.

Nikaishusha sahani. Nikaingiza mkono kuuminya ule mpira, nijue umelainika kiasi gani kabla sijaukata.

Ulikuwa mgumu. Mgumu wa upya, ule unaorudi ukiuminya. Nikachukua tochi. Mpira mpya, mkavu, hauna mafuta hata tone. Klampu mpya zote mbili zinazoubana, vichwa vya skrubu vimegeuzwa upande wa dereva ambako mkono unafika kwa urahisi. Na kwenye kila klampu mstari mdogo wa bluu.

Nimelala pale chini sijui kwa muda gani. Ule nilioununua ulikuwa juu ya kifua changu, bado kwenye nailoni. Mimi sijashika chaki ya bluu tangu alipokufa, unaijua droo yangu, ni nyeupe tupu. Nimempigia Shabani. Anasema hajagusa, na nimemjua miaka mingi, hajui kudanganya hata bei. Mpira wa zamani nimeutafuta bandani, jalalani, nyuma ya choo. Haupo.

Kama ni wewe, Minza, kama ulipata njia nisiyoijua ya kupitisha mkono kwa juu, ukakumbuka chaki, ukanitunzia aibu yangu bila kusema, basi umenikaidi, na ahsante. Kama si wewe, usiniambie. Ukija jikoni kuniaga kesho, usinitazame usoni kwa namna ya kunijibu.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo. Nimeinuka kuwasha taa ya baraza, nikasikia kitu bandani, nikaenda na tochi. Unajua nimekuta nini? Mbuzi. Wamelala chini ya gari wote, yule mama na vitoto vyake, wanacheua, wamejinyoosha kama wako kwao. Na yule kuku mwekundu amejikunja nyuma ya gurudumu. Nimewamulika, hawakuamka. Nimeweka kiganja juu ya boneti kama anavyofanya babu yako, nikamsalimu, "Mwadila, Masunga." Nilingoja. Bati baridi tu, Minza. Bati na vumbi.

Nimelia pale mpaka mbuzi wakanishangaa. Nadhani amemaliza kazi iliyokuwa inamweka, akaenda zake. Kwa hiyo unaondoka na gari tu, mwanangu, gari la zamani jekundu la milango miwili. Hakuna tena wa kukwambia simama. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia ukimsikia umtii, usifanye kama mimi. Sasa sauti hiyo itabidi iwe yako, na uitii ikisema, hata kama una haraka, hata kama aliye pembeni yako anakucheka.

Ule mpira wa chini ya kitanda nimeuweka kwenye buti, na pampu ya grisi, na kopo. Ukimaliza kusoma hapa, fungua boneti. Injini ni baridi. Minya mpira wa juu, minya wa chini, kwa mkono wako wa kushoto. Kisha uwashe.

Mama yako